Kumbukumbu ya Spätzle: jaribio la kwanza hadi la tatu

Spätzle ni tambi laini za mayai za Kijerumani, za kuchemshwa. Vipimo ni vilevile tangu mwanzo: unga wa ngano gramu 400, mayai 4, chumvi kijiko kimoja cha chai, maji hadi mililita 150. Hilo neno "hadi" ndilo lililotuponza.

Jaribio la 1. Maji yalimiminwa yote kwa mkupuo. Mayai yalikuwa makubwa, kinyunya kikawa uji. Kilipogusa maji ya moto kikasambaratika na sufuria ikajaa ukungu mweupe. Sasa mayai hutangulia, maji hufuata kidogo kidogo. Inua mwiko: kinyunya kining'inie kizito, kivutike taratibu, ndipo kikatike. Kikidondoka chapchap, ongeza unga kijiko kimoja.

Jaribio la 2. Uzito ulikaa sawa, ila tambi zilitoka ngumu kama mpira. Kinyunya hakikupumzishwa. Kipige kwa mwiko wenye tundu katikati mpaka kitoe mapovu, kisha kifunike dakika 20. Gluteni, protini ya ngano inayovutika, hulegea na unga hunywa maji vizuri. Mashine ya kukandia haina haja, mkono unatosha.

Jaribio la 3, la kibao. Huko Schwaben, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ndivyo zinavyokatwa kwa mkono, na ni kazi ya kifundo cha mkono hasa. Chovya kibao kwenye maji ya moto, pakaza kinyunya vijiko viwili, kisambaze kiwe chembamba ukingoni, halafu kwangua kwa kisu vipande vyembamba moja kwa moja ndani ya sufuria. Kila baada ya mikwaruzo mitatu minne, chovya kisu. Kikikauka tu, kinyunya kinang'ang'ania na kutoka mabonge. Maji yawe na chumvi na yatokote polepole, kwani yakichemka kwa fujo huzirarua. Usijaze sufuria: maji hupoa, tambi zikagandana. Zikielea, zipe dakika moja, kisha ziopoe kwa kijiko cha matundu.

Zilitoka zimepindapinda, nene huku, nyembamba kule. Ndivyo zinavyotakiwa. Mashine ya kukamua hutoa ndefu zinazofanana. Ya kuparuzia juu ya sufuria hutoa vidonge viitwavyo Knöpfle. Spätzle na Knöpfle za Schwaben zililindwa kwa jina la eneo na Umoja wa Ulaya mwaka 2012.

Linalofuata, jaribio la 4: unga wa chengachenga, ambao haufanyi madonge upesi, kisha tabaka za Spätzle moto na jibini ya Emmental, juu vitunguu vilivyokaangwa hadi rangi ya kahawia.