Plagi Iliyogoma Kutoka

Nilikuwa nikibadilisha plagi za injini ya gari, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, na tatu za kwanza zilitoka bila ubishi. Ya nne, iliyo nyuma kabisa ambako mkono huingia kwa shida, ilikubali kulegea kwa karibu nusu mzunguko, ikatoa mlio mkavu kama wa bawaba isiyotiwa mafuta kwa miaka, kisha ikakaza. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono kuchukua mpini mrefu zaidi wa racheti, ile spana ya kufungulia, nilipojizuia, kwa kuwa mlio ule ulikuwa umekwisha kuniambia tatizo lilipo.

Plagi hukwama kwa namna mbili, na ni vyema kuzitofautisha kabla ya kuongeza nguvu. Ipo plagi inayokataa kuanza kabisa. Hiyo kwa kawaida ilikazwa kupita kiasi, au imegandana na silinda hedi, kile kipande cha juu ya silinda ambamo plagi hufungwa, kwa sababu hedi ni ya alumini na mwili wa plagi ni wa chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu huliana polepole na kuacha ungaunga mweupe kwenye hesi, yaani mistari ya kufungia kama ya skrubu. Ipo pia ile inayoanza vizuri kisha ikakaza njiani. Hii mara nyingi ina masizi yaliyoganda kwenye hesi za chini, zile zinazokaribia moto wa ndani, na kila unapoizungusha kuelekea nje unayaburuta masizi hayo yapite katika hesi safi za alumini. Ukiilazimisha, plagi itatoka kweli, lakini itatoka na hesi za hedi.

Yangu ilikuwa ya namna ya pili, na sikuwa na wa kumlaumu. Plagi za iridiumu husifiwa kwa kudumu kilomita 100,000 au zaidi, nami niliichukulia sifa hiyo kama ruhusa ya kutozigusa kwa miaka mingi. Ncha ya plagi inaweza kuvumilia muda huo wote. Hesi zake hazijapewa ahadi hiyo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuirudisha ndani. Niliikaza robo mzunguko, nikapuliza shimo kwa upepo wa kompresa ili mchanga na vumbi visiteremke kwenye silinda, kisha nikadondosha mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka shina la plagi. Injini ilikuwa baridi, nami nasisitiza hilo kwa sababu mafuta hayo hushika moto. Matone machache yanatosha. Anayejaza shimo hadi juu huishia kuwa na kimiminika juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Niliyaacha hadi asubuhi.

Asubuhi niliiwasha injini kwa dakika chache tu, baada ya kufunga tena plagi nyingine na kurudisha koili zote zinazozipa plagi umeme, nikaizima ilipofikia joto ambalo kiganja kinaweza kulivumilia juu ya hedi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kiwango kilekile cha joto, hivyo tundu hupanuka kuliko plagi iliyomo. Hapa mafundi hutofautiana. Wapo wanaong'oa plagi injini ikiwa ya moto kabisa, nami siwafuati, kwa kuwa alumini yenye moto ni laini na hesi zake huchanika upesi. Vuguvugu kwangu inatosha.

Kazi iliyofuata haina haraka. Nilitumia soketi yenye mpira ndani, ekstensheni iliyonyooka sawasawa na shimo, na racheti ya kawaida, kwa maana ukiinamisha mkono kidogo tu kauri ya plagi hupasuka, na kipande cha kauri kikiingia kwenye silinda kinaweza kukwaruza kuta zake. Nililegeza hadi nikahisi ukinzani, nikakaza nusu ya nilichopata, nikatia tone jingine, nikalegeza tena. Kila safari ya kwenda na kurudi ilinipa sehemu ndogo ya mzunguko. Mlio ulipopanda na kuwa mwembamba, nilirudi nyuma. Ulipokuwa mzito na laini, niliendelea. Ilinichukua zaidi ya saa moja kwa plagi moja, na sioni kama muda huo ulipotea.

Zipo injini ambazo hata subira hii huenda isitoshe. Ford ya lita 5.4 yenye valvu tatu kwa silinda, iliyofungwa kwenye pikapu za F-150 za 2004 hadi 2008, ilijulikana kwa plagi zilizoundwa kwa vipande viwili: masizi hushika ganda refu la chini, mwili wa juu ukatoka peke yake, na ganda likabaki ndani. Kwa hali hiyo kuna kifaa maalumu cha kuling'oa, wala si mahali pa kujaribu bisibisi.

Plagi yangu ilipotoka hatimaye, hesi mbili za chini zilikuwa nyeusi tii, na katikati ya weusi huo ulinaswa uzi wa alumini mwembamba kama unywele. Nilishtuka kidogo. Nilifuta tundu, nikamulika kwa tochi, kisha nikachomeka plagi mpya kwenye kipande cha mpira wa bomba na kuizungusha kwa vidole. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu plagi ikishika hesi upande, mpira huteleza kabla ya kuharibu chochote. Haikuteleza. Iliteremka mizunguko yote hadi ikakaa.

Sikupaka grisi. Plagi nyingi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu tangu kiwandani, na grisi hupunguza msuguano kiasi kwamba nguvu ileile ya mkono hukaza kupita inavyotakiwa. Kwa plagi ya milimita 14 yenye washa, ile pete ya kuziba, kwenye hedi ya alumini, kukaza kwa nyutoni mita 25 hadi 30 hutosha, nami nilisimamia 25, nikabonyeza koili mahali pake na kuwasha injini.