Tulivyopata bima ya watoto kwa shilingi elfu moja ya kila wiki

Machi 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliposimamisha usajili wa Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, kwa mtoto mmoja mmoja, kadi ya kijana wangu ilikuwa imebakiza miezi michache. Ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mzazi mwenye mtoto wa hivi anajua bima inatumika mwaka mzima: kliniki hospitali ya Bugando hapa Mwanza, kipimo cha wingi wa damu, vidonge vya foliki kila siku, na siku maumivu yakimkamata mifupani na kifuani kuna dripu, sindano za maumivu, mara nyingine kuongezewa damu. Yote hayo tulikuwa tunayapata kwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Tangazo lilisema watoto waingie kupitia shule zao au kwenye vifurushi vya familia. Nikaanza na kifurushi. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba na mume wangu ni seremala. Hatuna mwajiri wa kubeba nusu ya mchango, kama mtumishi wa serikali anayekatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri naye akaweka 3. Tulipojumlisha watu wazima wawili na watoto wetu, fedha iliyotakiwa kwa mkupuo ilikuwa inameza mtaji wangu wote.

Na hapo kwenye neno mkupuo ndipo penye shida. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi inalala ufukweni na vichanja vinabaki vitupu. Kwa hiyo pesa yangu nayo ina giza na ina mwezi. Ukiniambia nilete malaki leo, unaweza kunikuta sina hata nauli ya daladala. Ukiniambia nilete kidogo kila giza, hunikosi.

Hatua ya kwanza ilikuwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwetu mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na nilishangaa watu walivyoidharau. Malaria, homa ya matumbo, kichocho cha watoto wanaoshinda majini, yote yalitibiwa kuanzia zahanati mpaka, kwa rufaa, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Lakini iliishia hapo. Bugando ni hospitali ya kanda, na kliniki ya kijana wangu iko kule mlimani.

Ikabaki njia ya shule. Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, nakuelewa kabisa. Ila nikisimama mimi nitangaze elfu hamsini, kesho mtaa mzima utasema shule imerudisha michango." Alikuwa na haki ya kuogopa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, mwalimu akitaja fedha mbele ya wazazi anajitafutia kesi. Tukakubaliana kwamba jambo hili liwe la wazazi wenyewe: yeye atupe darasa la kukutania na orodha ya wanafunzi, fedha zisipite mkononi mwa mwalimu yeyote.

Kikao cha kwanza walikuja wachache, karibu wote wenye watoto wagonjwa. Nilijua hiyo haitoshi. NHIF ilikuwa imeeleza kwamba kadi za mtoto mmoja mmoja zilikatwa zaidi na wazazi ambao watoto wao tayari wanaumwa, matibabu yakazidi michango. Mimi mwenyewe nilikata kwa sababu hiyo, na mzazi gani angefanya vingine? Lakini mtumbwi uliopakia wagonjwa watupu hauna wa kupiga kasia. Tulihitaji na wazazi ambao watoto wao hawaumwi.

Baba mmoja, bodaboda wa Kigoto, aliuliza waziwazi: "Wangu haumwi. Nichangie ya nini?" Nilimjibu kwa kumtajia nilichokilipa kati ya kadi kuisha na siku ile. Maumivu yalimpata kijana wangu usiku, tukalazwa, nikalipia kila kitu taslimu: kumuona daktari, vipimo, kitanda, dawa. Asubuhi niliuza gunia la dagaa chini ya bei niliyonunulia, kwa mteja aliyeona kabisa kwamba nina haraka. Nikamwambia, "Baba, wewe unashinda barabarani na mwanao unampakia mbele kwenye tenki." Hakunijibu. Wiki iliyofuata alileta elfu moja.

Elfu moja ndiyo iliyotubeba. Ukigawa 50,400 kwa miezi kumi na miwili unapata 4,200 kwa mwezi, na ukiweka elfu moja kila wiki mwaka unaisha una 52,000. Tukafungua daftari kubwa la mistari, kila mtoto ukurasa wake. Tukachagua mweka hazina mmoja na mama mwingine wa kushika daftari, ili pesa na kumbukumbu zisikae nyumba moja. Sisi wa dagaa tuliruhusiwa kulipa elfu nne wakati wa giza na kukaa kimya wakati wa mwezi. Waliozidiwa walikopa kwenye kikoba chetu cha mwaloni, wakarudisha taratibu. Kilichotuchelewesha zaidi ni vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu watoto wengi hawakuwa navyo. Nawashauri wanaotaka kuanza: shughulikieni vyeti kabla ya fedha.

Majina yalipokamilika tulipewa namba ya malipo, tukalipa kwa simu, kadi zikatoka. Kijana wangu alirudi kliniki kupitia dirisha la bima.

Sasa nasikia mabishano ya bima ya afya kwa wote na nayafuatilia kwa moyo wote. Mwaka 2022 muswada ulipotajwa na 340,000 kwa kaya ya watu sita, mwaloni ulichemka, hasa pale ilipozungumzwa kuifungamanisha bima na leseni za biashara na za udereva. Bunge likapitisha sheria Novemba 2023, ikiwa na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo kutokana na kodi za vitu kama soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hilo naliunga mkono bila kusita. Naunga mkono hata ulazima, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kinachotokea wakichangia wagonjwa peke yao. Ninachokipinga ni malipo ya mkupuo. Mvuvi, mama ntilie na mkulima wa pamba wa Magu hawapati mshahara tarehe 25. Waruhusuni walipe kidogo kidogo kwa simu, kwa msimu wao, na kadi isifungwe kwa sababu mwezi umekuwa mpevu.

Kundi letu limekua. Wazazi wa shule ya jirani wameomba daftari letu wakalinakili, na walituuliza jambo ambalo wakati huo tulikuwa bado tunalitafutia njia: mtoto aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea na sekondari, lakini hajafika miaka kumi na minane, ataingilia wapi?