Paka wa kutembea: mfundishe kurudi kabla ya giza

Giza limeshaingia, sahani ya paka imejaa tangu asubuhi, na wewe unafungua mlango kwa mara ya tano kumwita. Kosa liko kwenye hiyo sahani. Paka anayekuta chakula saa yoyote hana sababu ya kukumbuka nyumbani saa fulani. Atarudi akichoka, akinyeshewa au akifukuzwa. Tumbo ndilo saa yake, na wewe ndiye unayelitega.

Gawa chakula chake cha siku mafungu mawili: theluthi asubuhi, theluthi mbili jioni, nusu saa hivi kabla jua halijazama. Katikati ya hapo sahani iondolewe kabisa, maji tu yabaki. Kisha chagua mlio mmoja usiotumika kwa jambo jingine, kama kutikisa kopo lenye punje kavu au kugonga sahani kwa kijiko mara tatu. Siku za mwanzo upige akiwa karibu nawe, na chakula kifuate papo hapo. Akianza kuukimbilia, piga ukiwa chumba kingine, halafu piga ukiwa mlangoni naye yuko nje. Wengi hushika ndani ya wiki mbili au tatu. Kinachoharibu ni kumwita kwa mlio huo ili umwogeshe, umnyweshe dawa au umtie kwenye boksi la kusafiria. Mfanyie hivyo mara mbili tu, na kopo lako litabaki kelele. Na kama alikuwa anatii vizuri halafu akaacha ghafla, huku hapungui hata kidogo, basi kuna mtu anamlisha. Viringisha kikaratasi chenye namba yako ya simu kwenye kola yake; aghalabu mwenyeji wake wa pili atapiga.

Kwa nini kung'ang'ania jioni? Paka kwa asili huwinda mwanga unapokuwa hafifu, alfajiri na machweo, saa zile zile ambazo dereva haoni vizuri na madume wengine wako doria. Kumfungia ndani kuanzia chakula cha jioni mpaka kupambazuke vizuri kunapunguza ajali na mapigano kuliko kola yoyote utakayonunua. Siku za kwanza atalia mlangoni. Ukifungua hata mara moja, umemwonyesha kwamba kulia kunalipa, na kesho atalia zaidi. Cheza naye dakika 10 hadi 15 kabla ya chakula kwa unyoya uliofungwa kwenye uzi, na mwache aukamate mara ya mwisho. Aliyewinda, akala, hulala.

Kuhusu umbali, hofu yetu hutembea mbali kuliko paka mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia paka 925 wa nyumbani kwa GPS, na wengi wao walitumia muda wao ndani ya mita 100 hivi kutoka kwao. Wanaotanga zaidi ni madume wasiohasiwa: harufu ya jike mwenye joto humtoa dume nyumbani hata siku kadhaa. Mhasi mapema. Jike naye anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, kwa hiyo kusubiri "akue kwanza" ni kuchelewa. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kuzalisha kwa wiki chache, na tabia yake hutulia polepole.

Kola iwe na kifungo kinachofyatuka kikivutwa, na ibaki nafasi ya vidole viwili. Kola ya mpira ni mtego: paka huingiza mguu wa mbele akijikuna, kola inakwama kwapani na kukata ngozi mpaka nyama. Chipu ya chini ya ngozi haipotei, lakini haionyeshi alipo. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele chenye namba ya tarakimu 15, na namba hiyo ikisajiliwa kwa simu uliyoacha kuitumia, haina faida.

Jioni akishakula, pitisha vidole mwilini mwote kinyume cha manyoya. Unatafuta kigaga kidogo chenye nywele zilizogandamana, hasa mashavuni, miguu ya mbele na kwenye shina la mkia. (Majeraha ya mbele ni ya aliyekabili, ya nyuma ni ya aliyekimbia.) Jino la paka ni kama sindano: tundu linajifunga juu upesi, uchafu unabaki chini, na baada ya siku 2 hadi 5 pamevimba usaha na paka ana homa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Ukiliona tundu siku ile ile, daktari wa mifugo anaweza kuliwahi kabla halijawa jipu. Usimpe paracetamol kamwe, tembe moja inaweza kumuua. Virusi vya FIV vinavyodhoofisha kinga ya paka hupita zaidi kwenye kung'atana kwa kina, sababu nyingine ya kumhasi. Chanjo za kichaa cha mbwa na za magonjwa ya paka zisipitwe na tarehe.

Sumu ya panya nayo hudanganya. Zile zinazozuia damu kuganda hazimwangushi siku aliyokula. Siku 3 hadi 5 baadaye ndipo unaona ufizi mweupe, uchovu na kuhema. Dawa yake, vitamini K1, ipo, na hufaa zaidi ikianza kabla ya dalili. Ukijua jirani ameweka sumu, muulize jina la sumu hiyo sasa, au piga picha ya pakiti.

Asiporudi usiku mmoja, anza na nyumba zilizo karibu kabisa. Usimwombe jirani "aangalie stoo". Mwombe aifungue mkiwa pamoja, mwingie ndani. Darini, mvunguni, ndani ya boneti, nyuma ya mbao. Paka aliyeogopa hunyamaza hata akiisikia sauti yako, kwa hiyo kimya si ushahidi kwamba hayupo. Rudi usiku na tochi uliyoishika usawa wa macho yako, karibu na sikio, umulike polepole chini ya kila kitu. Macho yake yatarudisha mwanga kabla hujaona mwili.

Akirudi, kabla ya kumpongeza, tazama kucha. Kucha zilizochanika na kusagika ncha ni alama ya kugongwa na gari: alikwangua lami akijaribu kushikilia. Huyo aende kwa daktari hata kama anatembea, maana kiwambo cha tumbo au kibofu kinaweza kuwa kimepasuka bila tone la damu nje. Akilala, hesabu ubavu unavyopanda kwa dakika nzima. Pumzi za paka aliyelala hazizidi 30. Zikizidi na kubaki hivyo, usingoje asubuhi.