Tone la Oili Juu ya Kibati

Jana jioni ilikuwa zamu ya binti yangu jikoni. Kakata sukuma, kaiosha, na bila kuikung'uta kaitupa kwenye sufuria ya mafuta moto. Chwaaa! Mafuta yakaruka mpaka ukutani. Mama yake akafoka, mimi nikabaki mlangoni nacheka peke yangu.

"Baba, kwani nini kinachekesha?"

Nikamwambia hakuna kitu. Sikutaka kuanza hadithi ya Grogan, barabara ya mafundi wa injini pale Nairobi, watu wakiwa na njaa.

Mlio huo niliusikia mara ya kwanza mwaka 2011, nikiwa na miaka 19, chini ya mabati ya Mzee, fundi niliyekuwa nikimfanyia kazi. Siku hizi barabara yenyewe inaitwa Kirinyaga, lakini sisi wa spana tumebaki na Grogan yetu. Siku hiyo pikapu ilikuwa imerudisha injini ya mashua. Ilikuwa ya dizeli, silinda mbili, ya mteja wetu aliyekuwa akiishi Nairobi na mashua yake ya matanga akiifunga Kilifi, pwani. Ilikuwa kwetu miezi minne kabla. Tuliifungua, tukaifunga, na mimi nikapewa kazi ya kuipaka rangi. Niliipaka kijani, brashi ya inchi mbili, makoti matatu. Ilipoondoka iling'aa mpaka watu wa vibanda vya jirani walikuja kuitazama.

Sasa ilikuwa imerudi, na nilipochomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imepita alama ya juu kabisa, nayo si nyeusi tena. Ilikuwa kama uji wa wimbi uliotiwa maziwa.

"Hedi gasketi imekufa, maji ya kupoza yameingia kwenye oili," akasema jirani yetu wa giaboksi, bila hata kuinama. Mwingine akasema si maji, ni oili ya kupima kutoka kwenye pipa, siku hizi wanachanganya. Wakaanza kubishana. Mzee hakuwajibu. Akachukua kifuniko cha kopo la rangi, kopo langu lile lile la kijani, akakiweka juu ya jiko la makaa pale mama wa chai alipokuwa akichemsha. Kikapata moto mpaka rangi iliyobaki ikaanza kunuka. Kwanza akadondosha oili mpya. Ikatanda, ikafuka moshi kidogo, kimya. Kisha akadondosha ile ya dipstiki.

Chwaa. Tone likachemka, likapasuka vipande, kimoja kikanirukia mkononi. Alama ya kuungua ilikaa wiki nzima.

"Hayo ni maji," Mzee akasema. "Sasa ni maji ya nani?"

Swali hilo sikulielewa mpaka kesho yake. Tuliiacha injini ilale, maji yajitenge yaende chini. Asubuhi nikailegeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, polepole, na kabla ya oili kuonekana yakatoka maji, nusu kikombe hivi, yenye kutu. Mzee akachovya kidole, akaweka kwenye ulimi, akatema.

"Onja."

"Mzee, hiyo ni dizeli na kutu."

"Nimesema onja, kijana."

Nikaonja. Chumvi! Kilomita zaidi ya 500 kutoka Kilifi, na bahari ilikuwa mdomoni mwangu.

Kabla ya kupanda bara Mzee aliwahi kufanya kazi Mombasa, kwa hiyo alijua jambo ambalo sisi tuliozoea injini za matatu hatukulijua: injini ile hutumia maji aina mbili. Ya ndani, yanayozunguka kwenye bloku na hedi, ni maji yasiyo na chumvi, kama ya radieta. Ya pili ni ya bahari, huvutwa na pampu yake yakapoze yale ya kwanza, halafu hutupwa nje pamoja na moshi. Gasketi ya hedi ingekuwa imekufa, tungeonja maji yasiyo na chumvi. Jirani wa giaboksi akaenda zake kunywa chai.

Zikabaki njia mbili. Huenda maji yalirudi nyuma kupitia ekzosi, yakajaa kwenye silinda, yakapita pembeni mwa ringi za pistoni mpaka kwenye oili. Tukatoa nozeli za dizeli, tukaizungusha injini kwa mkono: kukavu, hata unyevu hakuna. Basi ni pampu.

Pampu za namna hiyo zimefungwa kwenye injini yenyewe. Ndani zina sili mbili, yaani pete za kuzuia uvujaji, moja inazuia maji, nyingine inazuia oili, na katikati yake chini kuna tundu dogo. Sili ya maji ikichoka, maji hudondokea nje hapo, mwenye chombo akayaona mapema, kabla hayajapenya kwenye oili. Nilipiga magoti na tochi kumtafutia Mzee tundu hilo. Nililiona kabla yake. Yaani niliona mahali lilipopaswa kuwa: shimo dogo la kijani, limezibwa vizuri, makoti matatu.

Sikusema kitu. Mzee akainama, akatazama kitambo, akaomba sindano ya gunia. Akachoma. Kipande cha rangi kikadondoka. Tukaunganisha paipu kwenye pipa la maji, tukazungusha, na pale chini likatokea tone. Halafu jingine.

Yaliyofuata ni kazi tu: sili mpya, kusafisha ndani kwa dizeli, kubadilisha oili na filta mara tatu mpaka dipstiki ikatoka safi. Mteja alipokuja Mzee alimwambia sili ya pampu imekufa. Ni kweli, ilikufa, na ingekufa hata nisingepaka chochote. Lakini alimtoza nusu ya ufundi, na Mzee kupunguza bei mimi sikuwahi kumwona, si kabla wala baada.

Jumatatu yake nilikuta kwenye sanduku langu la spana brashi mpya, ndogo, ya nusu inchi. Hakuna aliyesema imetoka wapi. Sikuuliza.