Nilivyoipata nyama ya moshi ya kweli nje ya Texas

Miaka niliyoishi Houston sikuwahi kuhangaika kutafuta nyama ya moshi. Ukiwa barabarani harufu ya kuni inakuingia garini, unakata kona, unapanga foleni. Kazi iliponihamishia Chicago, mambo yakageuka. Mabango yalikuwepo kila mahali, picha za moto na ng'ombe wenye miwani, lakini sahani ikifika ni nyama ya oveni iliyomwagiwa mchuzi mweusi mtamu mpaka huijui ni nyama gani.

Kwa ambaye hajaila: hii si nyama choma yetu. Sisi mbuzi tunamweka juu ya makaa, baada ya muda tunanawa mikono. Huku nyama hukaa mbali na moto, kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi hivi, na kifua kizima cha ng'ombe kinaweza kumaliza saa 12 au zaidi. Kifua ndicho kinachobeba uzito wa mnyama, kwa hiyo kimejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia misuli, na kolajeni haitaki haraka: huyeyuka polepole ikawa jelatini. Ukiipeleka mbio utatafuna soli ya kiatu. Kule Texas ya kati viungo vyenyewe ni chumvi na pilipili manga, basi. Kreuz Market ya mji wa Lockhart, iliyoanza mwaka 1900, kwa miaka mingi haikuweka mchuzi wala uma mezani. Nilipokumbuka hilo nikaacha kuhukumu mahali kwa utamu wa mchuzi.

Nikaanza kuzunguka nyuma ya jengo. Kweli kabisa, kabla sijaingia naenda kuangalia kuni. Magogo yaliyopangwa vizuri dirishani ni mapambo. Ninachotaka kuona ni rundo lililoliwa upande mmoja, magamba ya miti chini, majivu kwenye pipa. Halafu natazama moshi. Ukiwa mwembamba, wa kibuluu kwa mbali, moto unawaka vizuri. Ukitoka mzito na mweupe kwa muda mrefu, uchungu wake utaukuta ulimini. Nikifika dirishani nauliza wanatumia kuni gani. Mchomaji hujibu kabla hujamaliza swali: mwaloni, hikori, mchanganyiko. Pale wanapotegemea jiko la gesi lenye kijigogo kimoja cha kutia harufu, jibu huwa refu. Sisemi gesi haitoi nyama inayolika, inatoa. Ila usinitoze bei ya mtu aliyekesha na moto.

Dalili nyingine ni kilichokwisha. Kifua kilichowekwa motoni jana usiku hakiongezwi saa tisa alasiri kwa sababu wateja wamezidi. Mahali penye kila kitu saa tatu usiku pananitia shaka, kwa hiyo mimi naenda wanapofungua. Nasimama karibu na kisu pia. Wakikata baada ya kuagiza, vizuri. Ikiwa imekatwa zamani na kulala kwenye trei, imeshakauka. Kipande kizuri ukikining'iniza kwenye kidole kinalegea bila kukatika, na ukikivuta kidogo kinaachana chenyewe. Ule mstari wa waridi chini ya ukoko, ambao watu wanaupiga picha sana, mimi siuamini peke yake. Hutokana na gesi za moshi kukutana na rangi ya nyama, lakini chumvi ya kuhifadhia nyama nayo inaweza kuutengeneza.

Kilichonifungua macho hasa ni kwamba nilikuwa naing'ang'ania Texas katika mji wenye moshi wake. Wamarekani Weusi walipoihama Kusini ya Marekani kwa mamilioni, kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970, wengi kutoka Mississippi walipanda treni hadi Chicago, na mapishi yao yakaja nao. Nenda upande wa kusini wa mji, mtaa wa 75, kuna Lem's, iliyoanzishwa mwaka 1954 na ndugu waliotoka Mississippi. Jiko lao ni sanduku la vioo: unaiona nyama juu, kuni zinawaka moja kwa moja chini yake, na mchomaji anapambana na moto kwa maji na koleo. Wanachosifika nacho ni ncha za mbavu za nguruwe, vile vipande vya gegedu vinavyobaki mbavu zikinyooshwa. Huwekwa juu ya chipsi na mkate mweupe. Omba mchuzi pembeni, la sivyo vitaogelea. Meza hakuna, watu wanakula magarini, na wewe utakula garini.

Sasa, rafiki yangu wa Mombasa kitimoto hagusi. Nilimwambia pale kuna kuku pia. Akanitazama. "Ndugu yangu, na hilo sanduku si ni moja?" Hakukosea. Kwa hiyo siku nikiwa naye nauliza mambo matatu bila haya: je, ng'ombe na nguruwe wanakaa jiko moja? Maharage yamepikwa na nini? Soseji imevalishwa utumbo wa mnyama gani? Maharage ndiyo yanayowakamata wengi, kwa maana hutiwa vipande vya nguruwe na hakuna anayekutangazia. Mwishowe tulipata duka halali vitongojini, ng'ombe tupu, kuni za kweli.

Pale tunanunua kifua upande wenye mafuta, kipande kizima kisichokatwa, kwa sababu ni mbali. Nyumbani nakifunga kwenye karatasi ya foili na vijiko viwili vya supu, oveni nyuzi 120, mpaka kipate moto katikati, ndipo nakata kukingama nyuzi za nyama. Yeye anasonga ugali, mimi nakata kachumbari, na mchuzi mtamu waliotupa kwenye kikopo unabaki friji.