Ami Aliulizia Kamba

Mwaka 2018 nilirudi Lamu kutoka Lisbon na bahasha ya picha nilizozisafisha Mombasa, karibu zote za tramu na magari ya reli yanayopanda vilima. Baada ya Isha nikazitandaza barazani kwa ami yangu, nahodha mstaafu wa majahazi. Watoto waligombania zile za tramu namba 28 ikijipenyeza vichochoroni Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon. Gari ni fupi, na reli zake mbili zimeachana milimita 900 tu, basi hukunja kona ambazo treni kubwa isingethubutu.

Ami alizipita zote, akatua kwenye ya Bica, mojawapo ya reli za Lisbon zinazopanda mlima kwa kamba.

Ile niliipigia jasho. Kamera ukiilaza sambamba na barabara, mlima hupotea na gari huonekana limesimama uwanjani. Kwa hiyo niliinyoosha kufuata vizingiti vya milango, na mto Tejo ukabaki chini kabisa mwa picha. Hapo ndipo unapoona kuwa magurudumu yamelala na mteremko, ilhali vyumba vya abiria vimepangwa kwa ngazi, kila kimoja juu ya mwenzake, watu wamekaa wima.

Nikamweleza. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Treni ya kawaida, mwinuko wa mita nne kwa kila mita mia tayari ni mzigo, na Bica inapita kumi na moja. Ndiyo maana tangu 1892 magari mawili yamefungwa kwenye ncha za kamba moja ya chuma, linaloshuka likimvuta mwenzake juu. Umeme huongeza pale uzito usipotosha.

"Ni kama kupandisha foromali," akanikatiza. "Mabaharia washuka na henza, foromali yapanda." Foromali ni boriti inayobeba tanga, na henza ni kamba ya kuipandishia.

Akaichukua picha ya mfereji mwembamba katikati ya reli, kamba ikionekana ndani yake. Akaisogeza kwenye taa.

"Imefungiwa wapi?"

"Chini ya gari, ami."

"Na hapo nani hupaona?"

"Mafundi."

"Wapaona, au waona gari?" Akairudisha. "Mimi jahazini nilikuwa nikianza kukagua penye kifungo."

Watu wengi niliowaonyesha picha zile walisifu rangi ya njano. Yeye peke yake ndiye aliyeulizia kinacholishikilia gari, na tangu usiku ule sipigi picha ya reli ya mlimani bila kutafuta kwanza kamba, meno au breki yake.

Tarehe 3 Septemba 2025, kamba ya Glória, reli nyingine ya mlimani ya Lisbon, ndugu mkubwa wa Bica kwani yenyewe ilianza kazi 1885, ilichomoka. Gari likateremka kasi, likagonga jengo kwenye kona. Watu 16 walifariki. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilisema kamba iliachia pale inapofungwa kwenye gari, mahali pasipoweza kuonekana bila kufunguliwa. Ukaguzi wa asubuhi ile haukuwa umeona kasoro.

Nilimpigia ami nikamsomea. Kuhusu kifungo hakusema neno. Aliuliza dereva alifanya nini.

Nikamwambia alivuta breki ya upepo na ya mkono, lakini bila kamba hazikuwa na nguvu ya kulisimamisha gari, naye ni miongoni mwa waliokufa.

"Hakuruka?"

"Hakuruka, ami."

"Basi huyo alikuwa nahodha."