Siku moja maishani mwangu: Kamba, dagaa na mbwa wa Capri Point

Saa 11:30 alfajiri. Siku yangu haianzi na mbwa, inaanza na dagaa. Nipo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa mama ninayenunua kwake siku zote. Nataka nusu kilo ya wale wa chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na wa chumvi siwagusi. "Mbwa wako anachagua kuliko mume wangu," ananiambia. Ananiambia hivyo kila wiki, na wenzake wanacheka kila wiki kama hawajawahi kusikia.

Kazi yangu ni kufundisha mbwa kutembea na kamba bila kumburuta mtu. Nikisema hivyo kwenye daladala lazima mmoja aulize kama kweli nalipwa. Nalipwa.

Saa 1 asubuhi. Capri Point, kwa Simba, German Shepherd wa miaka miwili. Mchana anafungiwa bandani, usiku anaachiwa alinde uwanja. Barabara ameiona mara chache mno, kwa hiyo geti likifunguka anatoka kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule. Mama mwenye nyumba ameizungusha kamba mara mbili kwenye ngumi na kuikaza hadi vidole vimepauka. Namwomba aifungue. Mbwa akichomoka ghafla, vidole ndivyo vitakavyoumia.

Kanuni ninayoifuata ni moja: kamba ikikaza tunasimama, ikilegea tunaenda. Watu wanadhani mbwa anavuta kwa ukorofi. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Amenusa kitu kwenye nguzo, amevuta, umemfuata, amefika. Ameshapata ujira wake, na kesho atavuta zaidi.

Leo tumetoka getini hadi kona kwa dakika 25. Mtu mzima anafika pale kabla hajamaliza salamu. Mama amehesabu: tumesimama mara 19. Mara ya mwisho Simba alivuta, akakuta hatuendi, akanung'unika, akatazama ziwa, akatazama mtumbwi uliokuwa unarudi na wavuvi, kisha akageuza kichwa kututazama sisi. Kamba ikaning'inia kama ya kuanikia nguo. Hapo hapo nikampa dagaa mmoja, pembeni ya goti langu la kushoto. Ukimpa mbele yako atajifunza kukukatiza njia. Mama alitaka kumpa kiganja kizima. Mmoja mmoja, mama, safari bado ndefu.

Saa 3 asubuhi. Isamilo. "Shikamoo babu." "Marahaba, mwalimu wa mbwa." Huyu babu ana mnyororo wa kukaba shingo na msimamo wake: mbwa asipoogopa hafundishiki. Sibishani na mtu wa umri wake. Nimemwita mjukuu wake, nikampa ncha moja ya kamba aishike kwa mikono miwili, mimi nikaivuta polepole. Mtoto akajikaza, akaegemea nyuma. "Nani kakwambia uvute?" babu akamuuliza. "Si yeye ananivuta!" Babu amenyamaza muda mrefu. Mnyororo hajautupa, ameutundika tu ukutani. Kwa leo inatosha.

Saa 5. Mteja mpya, Pasiansi. Kabla sijamgusa mbwa naomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hana. Nimeondoka. Niliwahi kuona aibu kuuliza, nikaumwa mkononi, nikapanga foleni ya sindano siku kadhaa. Aibu hiyo imeniisha.

Mchana sifundishi. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami kwa sekunde tano. Ukishindwa, usimpitishe mbwa hapo peku. Nakula, nalala.

Saa 10 jioni. Kirumba, na Chui, mbwa koko mwenye akili kuliko wote nilio nao. Anatembea vizuri mtaani kwao, somo la leo ni kupita kwenye vurugu: bodaboda, mbuzi, watoto wanaopiga kelele "mbwa! mbwa!" Wazee wawili wenye kanzu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Nimevuka upande wa pili mapema na kumweka Chui upande wa ukutani, mate yake yasifike kwenye nguo ya mtu. Mmoja akainua mkono kunishukuru.

Nikajisifu kimoyomoyo. Hatua kumi mbele, korongo watatu kwenye lundo la taka, wale wenye mfuko shingoni na urefu wa mtoto wa darasa la tano. Chui aliruka. Mimi nilikuwa naandika ujumbe kwenye simu. Nimeingia mtaroni hadi magotini, mfuko wa dagaa ukapasuka, na korongo mmoja akaja taratibu, bila haraka yoyote, akala akiba yangu ya kesho. Kosa ni langu. Nilitakiwa kumwona korongo kabla ya Chui, nigeuke njia tukiwa bado mbali, akiwa bado ana uwezo wa kunisikia.

Saa 1 usiku. Nafua suruali. Video imeingia kutoka Capri Point: Simba na mama, jioni, barabara ile ile. Mbwa yuko pembeni ya goti, lakini kamba imekaza kama waya. Naitazama mara ya pili. Ngumi ya mama iko juu kifuani, kamba imezungushwa mara mbili.

"Mama, shusha mkono."

Kimya. Kisha sauti, nyuma yake Simba akihema: "Kumbe ni mimi ninayemvuta?"